Plastiki Ikumbukayo Umbo Lake

Wazee wetu wametuachia neno mashuhuri, kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, kwani akisha kukauka hakunjiki tena. Neno hili limezoeleka katika khabari za malezi ya watoto, hata twasahau kuwa asili yake ni khabari ya vitu. Kila kitu kina wakati wake wa kukubali kugeuzwa umbo, na wakati huo ukipita, umbo hukaa. Udongo wa mfinyanzi hukubali ukiwa na maji, na ukisha kuchomwa hukataa. Chuma hukubali kikiwa chekundu motoni. Ukindu hulowekwa kwanza ndipo ukasukwa. Na plastiki za kawaida nazo ni hivyo hivyo: ndoo tuchoteayo maji ilitiwa katika kalibu ikiwa laini kwa moto, ikapoa, ikawa ndoo.

Lakini iko namna ya plastiki isiyoifuata kanuni hii sawasawa, nayo ndiyo tuliyokusudia kuieleza katika kurasa hizi. Plastiki hii hupewa maumbo mawili. La kwanza ni umbo lake la asili, ambalo hufungwa ndani yake kiwandani. Kisha hupashwa moto, ikavutwa au ikakunjwa au ikasokotwa katika umbo jingine kabisa, na ikapozwa hali imeshikiliwa vivyo hivyo. Hapo huachwa, nayo hukaa katika umbo hilo la pili miezi na miaka, kama samaki aliyekauka. Siku itakapopashwa moto tena, bila ya mkono wa mtu kuigusa, hulirudia umbo lake la kwanza. Wataalamu wameiita polima yenye kumbukumbu ya umbo. Neno kumbukumbu hapa ni la kuazima tu, kwani plastiki haina akili wala moyo; lakini mtu akiitazama ikijinyosha yenyewe katika bakuli la maji ya moto, hulielewa jina hilo.

Msomaji asidhani kwamba twamsimulia mambo yaliyofungiwa katika vyumba vya wataalamu. Karatasi nyororo ya plastiki inayobana chupa sita za maji pamoja, ile aipasuayo kwa kucha dukani, ni ndugu wa karibu wa kitu hiki: ilivutwa ikiwa ya moto, ikapozwa, ikavishwa chupa ikiwa pana, kisha ikapitishwa katika joto, nayo ikajikunja kuelekea udogo wake wa zamani hata ikazibana chupa. Hiyo ni kazi ndogo. Ziko nyingine ambazo afya ya mtu, au maji ya mji mzima, hutegemea kumbukumbu hiyo.

Kwanza twaomba msomaji atuvumilie tueleze jinsi jambo hili liwavyo, kwani asiyeijua sababu yake hawezi kuitambua bidhaa njema na mbovu.

Polima ni kitu kilichofanywa kwa nyuzi ndefu mno zisizoonekana kwa jicho. Kila uzi ni mnyororo wa chembe ndogo zilizoshikana moja baada ya moja, maelfu kwa maelfu. Katika plastiki iitwayo politini, ambayo ndiyo ya mifuko na mabomba mengi, mnyororo huo ni wa chembe za kaboni zilizopangana safu moja, na kila moja imebeba chembe za haidrojeni. Afikirie msomaji sufuria ya tambi. Zikiwa za moto, tambi huteleza moja juu ya nyingine, na ukizimimina katika sahani zitafuata sahani. Zikilala usiku kucha katika sufuria, asubuhi zimeshikana na kuwa donge lenye umbo la sufuria ile. Ukizipasha tena huachana, na umbo la sufuria halina alama yoyote iliyobaki. Hiyo ndiyo plastiki ya kawaida, isiyokumbuka kitu.

Sasa na auache mfano wa tambi, ashike mfano wa wavu wa mvuvi. Wavu ni nyuzi, lakini nyuzi hizi zimefungwa mafundo kila mahali. Ukiuvuta wavu upande, matundu hutanuka na kubadilika, lakini mafundo hayaachani. Kila fundo laendelea kuwa jirani wa fundo lile lile. Plastiki ikumbukayo ni wavu wa namna hiyo. Ikiwa ya moto, nyuzi zake hulegea na kuweza kuvutwa mbali sana. Ikipozwa hali imevutwa, nyuzi huganda pale pale zilipo, na wavu mzima hukaa umetanuka kama uliogandishwa katika barafu. Ikipashwa tena, mgando huyeyuka, nyuzi huwa huru, na mafundo hurejea yalikokuwa. Basi kumbukumbu ni kazi ya mafundo, na kulishika umbo la pili ni kazi ya mgando. Plastiki isiyo na mafundo hutiririka kama nta ya mshumaa, na isiyoganda hurejea papo hapo kama mpira wa kufungia fedha.

Huenda msomaji akauliza: ni nani aivutaye irudi? Jibu lake limo katika kikapu cha kila mshonaji. Uzi ulionyoshwa ukatiwa kikapuni, kikapu kikatikiswa, hautoki umenyooka. Hutoka umejikunja na kujitatanisha. Sababu yake ni kwamba kunyooka kuna njia moja tu, na kutatanika kuna njia zisizo na hesabu. Joto ndilo mtikiso wa nyuzi zile ndogo. Zikisha kuvutwa na kunyoshwa kwa nguvu, mtikiso wa joto hauna budi kuzirudisha katika mikunjo yake, na zikijikunja huwa fupi, na zikiwa fupi huvuta mafundo. Hakuna springi iliyofichwa ndani wala sumaku. Ni nguvu ile ile irudishayo mpira uliovutwa.

Tukija katika tarikhi yake, politini yenyewe ilipatikana mwaka 1933 katika kiwanda cha kampuni ya ICI huko Winnington, Uingereza. Wanakemia wawili, Eric Fawcett na Reginald Gibson, walikuwa wakijaribu mambo mengine kwa shindikizo kubwa mno, wakakuta katika chombo chao kitu cheupe kama nta. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kitu hicho kilitumiwa kufunikia nyaya za mitambo ya rada, kwani umeme haukipenyi upesi. Aibu yake ilikuwa moja: joto likizidi kidogo digrii 100 za sentigredi hulainika, halafu huyeyuka.

Katika mwaka 1952 mtaalamu Arthur Charlesby, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha atomiki cha Harwell, Uingereza, alitangaza khabari ya vipande vya politini alivyoviweka katika tanuri la atomiki. Mionzi ilizipokonya nyuzi chembe za haidrojeni, na mahali palipobaki wazi nyuzi zikashikana na jirani zake. Yaani tambi ziligeuka wavu. Politini ile haikuyeyuka tena. Ikipashwa moto huwa kama mpira, na ikipoa hushika umbo iliyoshikiliwa nalo. Si kwamba hakuna aliyewahi kuliona jambo hili kabla yake, kwani Marekani mwaka 1941 mtu aitwaye Vernon alipewa hataza ya plastiki ya kazi ya meno iliyolirudia umbo lake kwa joto. Lakini ni wavu wa mionzi uliofungua soko. Mwaka 1957 Paul Cook na wenzake walianzisha California kampuni iliyojulikana baadaye kwa jina la Raychem, wakatumia mitambo ya kurusha elektroni badala ya tanuri la atomiki, wakafanya nyaya za ndege, na baadaye mirija inayosinyaa kwa moto. Mrija huu ndio kazi kubwa kuliko zote za plastiki ikumbukayo hata leo, ijapokuwa wachache huutaja wanaposimulia maajabu yake.

Nasi twapenda kukaa hapa kitambo, kwani mrija huu u karibu nasi.

Visima vingi virefu vya siku hizi, vya misikiti, vya skuli na vya mitaa, vina pampu iliyozamishwa chini kabisa, ikiwa na mota yake ndani ya maji. Mota hutoka kiwandani na waya mfupi. Waya huo hauna budi kuungwa na kebo ndefu itokayo juu, na kiungo hicho hukaa ndani ya maji muda wote wa uhai wa pampu. Maji yakiingia katika kiungo, umeme huvuja, swichi ya usalama hukatika kila inapowashwa, na mwisho wake mota huungua. Ili kukitengeneza kiungo chenye urefu wa kidole, hupasa kuvuta juu bomba lote, na kebo yote, na pampu yenyewe, pengine mita 60 au 100. Siku hizo zote watu wa mtaa hununua maji kwa madumu, na watoto huchelewa skuli kwa ajili ya ndoo. Yote haya kwa kiungo kimoja kilichofungwa vibaya.

Kiungo kama hicho hakifungwi kwa tepu nyeusi tu. Gundi ya tepu hulainika, na tepu hujifungua polepole. Kinachotakiwa ni mrija wenye kumbukumbu, wenye tabaka la gundi ndani. Kiwandani mrija ulifanywa mwembamba, ukapigwa elektroni hata ukawa wavu, kisha ukapashwa moto, ukatanuliwa mara tatu ya upana wake, ukapozwa hali ya kutanuka. Ndivyo unavyouzwa, mpana, wenye kuingia waya bila ya taabu. Fundi akiupuliza kwa hewa ya moto hukumbuka wembamba wake, nao husinyaa na kukibana kiungo pande zote, na gundi iliyomo ndani huyeyuka na kujaza kila nafasi.

Hapa elimu tuliyoieleza juu huleta faida. Kwa kuwa mrija hurudi katika umbo lake la asili na hauendi zaidi ya hapo, mwenye kuununua atazame namba mbili zilizoandikwa: upana kabla ya moto, na upana baada yake. Mrija wa milimita 12 unaorudi mpaka milimita 4 hauubani waya wa milimita 3, hata ukiwashiwa moto kutwa. Mafundi wengine huongeza moto wakidhani kumbukumbu ni ya kulazimishwa. Matokeo yake ni plastiki iliyoungua. Tena mrija usio na gundi na ule wenye gundi hufanana sana kwa nje, na ule wa kwanza ni rahisi kwa bei. Mtu atazame ndani yake: gundi huonekana kama tabaka la pili lenye mng'ao wake. Usio na gundi wafaa ndani ya nyumba na katika vyombo vikavu, lakini kisimani maji hunyemelea kati ya plastiki na waya.

Na mrija huvishwa waya kabla ya kuungwa. Jambo hili ni dogo hata huonekana kuwa halina haja ya kutajwa, lakini hakuna fundi asiyewahi kulisahau, akatazama kiungo chake kizuri kilichokwisha kubanwa huku mrija uko mezani. Hapo hakuna ila kukata na kuanza upya. Nyaya zifutwe mafuta, zibanwe kwa kiungo cha shaba, kisha moto uanzie katikati na kwenda kwenye ncha, ili hewa itoke. Kiberiti cha gesi huunguza upande mmoja na kuacha mwingine mbichi. Gundi ikionekana imechungulia kwenye ncha zote mbili, kazi imetimia, na kiungo kisiguswe mpaka kipoe, kwani mpaka hapo mgando bado haujashika.

Kazi ya pili tunayotaka kuisimulia haina umeme, nayo hufanyika hospitali.

Mgonjwa wa saratani ya koo, au ya pua, au ya ubongo, aliyeamriwa kutibiwa kwa mionzi, huenda hospitali siku tano kwa juma, mara nyingi kwa majuma sita au saba. Kila siku mionzi hupasa ipige mahali pale pale. Ikipotoka kwa milimita chache huenda ikaacha sehemu ya ugonjwa, au ikagusa jicho, au uti wa mgongo, au tezi za mate. Mtu hata awe mtiifu namna gani hawezi kukilaza kichwa chake sawasawa na jana. Kwa ajili hiyo hutengenezewa barakoa yake mwenyewe, na barakoa hiyo aghalabu ni ya plastiki iitwayo polikaprolaktoni.

Huja hali ya kuwa bapa, nyeupe, yenye matundu mengi kama chujio, imeshikwa na fremu ngumu. Huzamishwa katika maji ya digrii 65 hadi 70. Baada ya dakika chache weupe wake hutoweka na kuwa kama kioo, ishara kwamba fuwele zilizoigandisha zimekwisha kuyeyuka. Hutolewa, hukung'utwa maji, na wahudumu wawili huivuta juu ya uso wa mgonjwa aliyelala chali. Mgonjwa huhisi kitambaa cha vuguvugu, si moto, na hupumua kwa matundu. Plastiki nayo hufuata pua, kidevu na paji la uso, na ikipoa hurudi kuwa nyeupe na ngumu. Wavu wa ndani ndio uizuiao isitiririke kama uji inapokuwa laini, na mvuto wake mdogo wa kutaka kurudi bapa ndio uilazayo sawasawa juu ya mashavu. Ikiwa imekosewa hurudishwa katika maji ya moto, nayo hunyooka na kuwa bapa kama ilivyokuja, kazi ikaanza upya. Uwezo huu ni wa thamani pale ambapo barakoa hununuliwa kwa fedha za kigeni, lakini si wa milele: iliyorudiwa sana hulegea, na barakoa iliyolegea haimshiki mtu.

Tumeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu wagonjwa wengi huogopa barakoa kuliko ugonjwa wenyewe. Mtu huona uso wake ukifunikwa na kufungwa mezani, na pengine hakuna aliyemweleza kabla. Yafaa jamaa wamweleze nyumbani. Kadhalika mama au dada mwenye kujisitiri ajue mapema kwamba kwa kawaida mtandio huvuliwa wakati wa kuifanya na kila siku ya matibabu, kwani unene wa kitambaa huharibu kipimo. Hapana ubaya kuomba tangu siku ya kwanza wahudumu wanawake, na chumba kisichopitwa na watu. Na mgonjwa aliyekonda sana katikati ya matibabu, akaona barakoa inacheza usoni, asinyamaze kwa haya. Alitaje jambo hilo siku ile ile, kwani huenda ikapasa kufanywa nyingine.

Kazi nyingine tutazipitia kwa upesi zaidi. Wajapani, tangu miaka ya 1980, wamekuwa hodari wa plastiki za namna hii. Waliziuza zile za polinobonini na za poliyurethani, ambazo mpaka wake wa joto waweza kuchaguliwa na mtengenezaji. Katika vitu walivyofanya tumevipenda zaidi vijiko vya watu wenye viganja vilivyopooza au vidole vilivyokakamaa. Mpini hulainishwa katika maji ya moto, hukamatwa na mkono wa mgonjwa kama awezavyo kukamata, nao hupoa kwa umbo la mkono ule. Ugonjwa ukibadilika, mpini hurudishwa majini na kuumbwa upya.

Mwaka 2002 Andreas Lendlein wa Ujerumani na Robert Langer wa Marekani walitangaza uzi wa kushonea vidonda ambao hufungwa fundo legevu, na ukifika joto la digrii 40 hujivuta wenyewe na kulikaza. Haja yake yaeleweka kwa mpasuaji afanyaye kazi kwa vyombo vyembamba ndani ya tundu dogo: fundo likikazwa mno nyama hufa, likilegea kidonda hufunguka. Uzi huo tena huyeyuka mwilini baada ya kazi yake. Uliushangaza ulimwengu, nao ulijaribiwa kwa panya. Mwaka 2005 Lendlein na wenzake walionyesha polima igandishwayo kwa mwanga wa urujuanimno wa namna moja na kufunguliwa kwa wa namna nyingine, bila ya joto. Na Duncan Maitland, aliyeanzia maabara ya Lawrence Livermore kisha akaenda Chuo Kikuu cha Texas A&M, alishughulika na sifongo ya plastiki ambayo hubanwa ikawa nyembamba kama kijiti, hupitishwa ndani ya mshipa wa damu kwa mrija, na huko hupanuka na kuuziba mshipa uliotakiwa kuzibwa. Hii imekwisha kuruhusiwa Marekani kwa mishipa ya viungo vya mwili, nayo hutumiwa kwa wagonjwa.

Kuna na wale waliopeleka kumbukumbu hii mbinguni. Setilaiti hubeba mabawa ya kupokea jua, na mabawa hayo hukunjwa ili yaingie katika kichwa cha roketi. Kuyafungua huko juu kwa mota na magurudumu ni kazi yenye uzito na yenye kukwama. Kampuni moja ya Colorado ilitengeneza bawaba za nyuzi za kaboni zilizotiwa plastiki ikumbukayo, na zikajaribiwa katika setilaiti TacSat-2 iliyorushwa Desemba 2006: hupashwa moto kwa umeme kidogo, nazo hujinyosha polepole bila ya kishindo. Wachina wa Chuo cha Teknolojia cha Harbin, wakiongozwa na Leng Jinsong, walifungua kwa namna hiyo bawa la jua katika setilaiti SJ-20 mwezi wa Januari 2020. Na mwaka 2021 bendera ya China iliyokunjuliwa katika chombo chao kilichotua Mirihi ilifunguliwa na plastiki ya namna hiyo hiyo.

Baada ya kuyataja yote haya, haki yataka tuseme na upungufu wake, kwani makala za sifa tupu ni nyingi na bidhaa zilizofika dukani ni chache.

Upungufu wa kwanza ni nguvu. Iko madini yenye kumbukumbu pia, mchanganyiko wa nikeli na titani ulioanza kuchunguzwa na William Buehler katika maabara ya jeshi la majini la Marekani mwaka 1959. Madini hayo hurudi kutoka mvuto mdogo tu, kama asilimia 8, ilhali plastiki hurudi hata ikiwa imevutwa mara mbili au tatu ya urefu wake. Lakini madini husukuma kwa nguvu iliyo mara mia na zaidi. Plastiki yaweza kukunjuka. Kunyanyua mzigo si kazi yake. Tena ni nzito wa kupokea joto, kwa hiyo husita. Na aghalabu hukumbuka mara moja: ikisha kurudi, haiwezi kujikunja tena mpaka mkono wa mtu uikunje.

Upungufu wa pili watuhusu sisi wa nchi za joto na hewa ya bahari, nao hautajwi vya kutosha. Kitu kilichowekewa mpaka wa digrii 40 hukaa salama katika kabati la Aachen au Boston. Bohari ya mabati isiyopitisha hewa, au kontena lililosimama juani bandarini, hupita joto hilo bila ya shida, na kitu kitakumbuka umbo lake kikiwa bado katika bahasha yake. Tena baadhi ya poliyurethani hunywa unyevu. Huang Weimin na wenzake huko Singapore walionyesha mwaka 2005 kwamba maji yaliyoingia ndani hulegeza nyuzi na kuuteremsha mpaka wa joto, hata plastiki ikajinyosha katika maji ya kawaida ya chumbani. Wao waligeuza aibu hiyo kuwa ustadi, na sifongo ya Maitland hufaidika nayo. Lakini muagizaji wa bidhaa hizi Mombasa au Zanzibar hana budi kuuliza mpaka wake wa joto ni digrii ngapi, na umepimwa kwa hewa ya unyevu gani, kabla ya kutoa fedha zake.

La mwisho ni takataka. Mafundo yale yale yatoayo kumbukumbu ndiyo yazuiayo plastiki isiyeyushwe na kufanywa kitu kingine. Ndoo iliyopasuka yaweza kurudi kiwandani. Mrija wa kisimani hauwezi. Juu ya jambo hili kazi imeanza. Mwaka 2011 Ludwik Leibler na wenzake, Paris, walitangaza plastiki ambayo mafundo yake, joto likizidi sana, hubadilishana wenzi: fundo lafunguka hapa na kufungika pale, bila ya wavu kukatika. Mwaka 2016 Xie Tao na wenzake wa Chuo Kikuu cha Zhejiang, China, waliunganisha fikra hiyo na kumbukumbu ya umbo. Plastiki yao ina mipaka miwili. Ikipashwa moto wa kwanza hulirudia umbo lake la asili kama tulivyoeleza. Ikipashwa moto mkubwa zaidi hali imekunjwa, mafundo hujipanga upya, na lile lililokuwa umbo la kuazima ndilo huwa asili yake.